Wasomaji Wanauliza: Vijana, Mbizi na Uhai wa Ziwa Tanganyika

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma (Ujiji, Mwanga, Kibirizi na kwingineko), Kasulu na Tabora, na zote zinazunguka jambo moja: namna ya kuwafundisha vijana wa sekondari kulinda maji na viumbe wake kwa kuwashusha wakaone kwa macho yao. Wanaojibu ni wakufunzi wa kupiga mbizi na walimu wa baiolojia. Tuseme mapema tunachokiamini: mtungi wa hewa mgongoni haumfanyi kijana kuwa mhifadhi. Kinachomjenga ni swali alilotumwa kulijibu chini ya maji, na kurudi mahali pale pale mpaka apate jibu. Ndiyo maana katika majibu haya miwani, kamba na penseli vimepewa nafasi kubwa kuliko mtungi.

SWALI: Vitini vyote vya uhifadhi wa majini nilivyopata vinazungumzia matumbawe, kasa na mikoko. Sisi hatuna hata kimoja. Nina wanafunzi 24 na fedha za kununulia miwani sita tu. Nianzie wapi? – Mwalimu wa baiolojia, Ujiji

JIBU: Mwalimu, una mawe, nayo yanatosha. Pwani ya bahari uhai umesongamana kwenye matumbawe. Huku umesongamana kwenye miamba ya ufukweni, kuanzia maji ya magoti hadi mita 15 hivi. Ziwa Tanganyika lina takriban aina 250 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wengi wao wanakula mwani unaoota juu ya mawe na kujificha kwenye nyufa. Hawapendi kuvuka mchanga mtupu, hivyo samaki wa aina moja anaweza kuwa na rangi hii kwenye mwamba huu na rangi nyingine ng'ambo ya ghuba.

Adui wao wa karibu ni udongo. Mlima ukilimwa bila makinga maji, mvua inashusha tope, tope linafunika mwani na kuziba nyufa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za ziwa hili zilizo chini ya milima iliyokatwa miti na zile ambazo milima yake bado ina miti. Palipojaa mashapo walikuta aina chache zaidi za samaki na za viumbe wadogo wenye magamba. Wanafunzi wako wanaweza kuuliza swali hilo hilo kwa vifaa vya dukani.

Chagua miamba miwili inayofanana kwa mteremko na ukubwa wa mawe. Mmoja uwe upande wa kijito kinachotoka mashambani, mwingine uwe mbali na kijito chochote. Tunaposema upande wa kijito tuna maana ya mita mia mbili au tatu kutoka mdomoni, si mdomoni penyewe, kwa sababu midomo ya mito ndiyo makao ya mamba. Waulize wavuvi wa mahali hapo kwanza; wakikwambia usiingie, usiingie.

Tandaza kamba ya mita 25 kufuata ufukwe, kwenye kina cha mita 2, jiwe zito kila mwisho, fundo la kitambaa kila mita 5. Ukishaitandaza, toka. Samaki wamekimbia, na ukihesabu saa hiyo utapata namba ya woga, si ya samaki. Subiri dakika tano, kisha wawili waogelee polepole juu ya kamba, kila mmoja akihesabu samaki walio ndani ya mita 1 kila upande. Hapo mmepima mita za mraba 50. Wasihesabu kila kinachopita. Chagueni aina tano tu zinazotambulika kwa mistari, umbo la mkia na tabia, si kwa rangi, kwa kuwa wekundu unafifia mapema majini na samaki mwekundu ataonekana wa kijivu. Kila mmoja aandike peke yake bila kumtazama mwenzake. Hesabu zao zikipishana kwa zaidi ya moja ya tano, wanarudia.

Kibao cha kuandikia kinatoka kwenye ndoo nyeupe iliyovunjika: kata kipande cha ukubwa wa daftari, kisugue kwa msasa laini, funga penseli kwa uzi. Penseli ya kawaida inaandika vizuri chini ya maji, na mchanga laini unafuta maandishi.

Kwa tope, tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50 kwa bomba la plastiki la nusu inchi. Litoboe matundu ili lijae maji na kuzama. Funga nyuzi nne wima na nne mlalo; makutano ni 16. Weka fremu juu ya mwamba mara tano kwenye kamba, na kwa kila makutano andika kilichopo: jiwe tupu, mwani, au tope. Una pointi 80, na asilimia ya tope inapatikana kwa hesabu ya darasani.

Kwa miwani sita gawa makundi manne ya watu sita. Kundi moja liko majini kwa dakika 20, wakiwa jozi tatu. La pili linapokea vibao na kunakili daftarini. La tatu linapima joto na uangavu wa maji. La nne linakagua kijito na kingo zake kwa miguu. Kisha wanazunguka. Anza saa 2 asubuhi ziwa likiwa limetulia, na ifikapo saa 4 mmemaliza. Ukingoni awepo mtu mzima asiyeingia majini kabisa, kazi yake ni kuhesabu vichwa tu.

Makosa yanayoharibu takwimu ni ya kawaida. Kulinganisha Machi yenye mvua na Julai kavu kana kwamba ni kitu kimoja. Kuhesabu kundi moja la samaki mara mbili kwa sababu linazunguka. Na hili ambalo wengi hulisahau: ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, kwa hiyo mwamba uliokuwa kwenye mita 2 unaweza kuwa kwenye mita 3. Fungeni eneo lenu kwenye mwamba wenyewe, wenye alama na mchoro, kisha muandike kina cha siku hiyo.

Nunua miwani inayofunika pua. Ile midogo ya mabwawani, inayofunika macho tu, haifai kushuka hata mita 2: presha inaibana machoni, na mtoto hana namna ya kuingiza hewa ndani yake kwa pua. Mishipa ya macho inapasuka.

SWALI: Shule inataka niweke sahihi binti yangu wa miaka 13 apige mbizi na mtungi. Aliwahi kutibiwa pumu. Nimuulize nini mkufunzi kabla sijakubali? – Mzazi, Mwanga

JIBU: Mama, usiweke sahihi kwanza. Pumu ni kati ya mambo yanayohitaji daktari amwone mtoto na kuandika kwa mkono wake kwamba anaweza kupiga mbizi. Sababu ni hii: hewa anayovuta akiwa mita 10 chini inatanuka karibu mara mbili akipanda juu. Njia za hewa zikiziba hata sehemu moja ya pafu, hewa ile haina pa kutokea, na pafu linaweza kuchanika. Fomu ya afya inayouliza maswali hayo ni sehemu ya kila kozi inayotambulika. Mkufunzi asiyekuwa nayo, achana naye. Ukidanganya kwenye fomu ili mtoto asikose safari, unamweka hatarini wewe mwenyewe.

Kwenye mfumo wa mafunzo ya mbizi wa PADI, ambao ni mmoja wa inayotumika zaidi duniani, mtoto anaanza kozi ya maji wazi akiwa na miaka 10. Wa miaka 10 na 11 haruhusiwi kupita mita 12, na wa miaka 12 hadi 14 haruhusiwi kupita mita 18, tena akiwa na mtu mzima mwenye cheti. Kabla ya kupewa cheti lazima aogelee mita 200 bila kupumzika na aelee dakika 10. Kwa binti wa miaka 13 hapa kwetu sisi tunashauri mita 8 hadi 10 na wanafunzi wawili kwa mkufunzi mmoja, hata kama kanuni zinaruhusu zaidi. Hapotezi chochote, kwani samaki wengi wa mawe wako hapo hapo na mwanga bado ni mzuri.

Mwambie mkufunzi akuonyeshe kadi yake na tarehe yake. Muulize mtungi wa oksijeni ya dharura uko wapi na una lita ngapi. Oksijeni hutolewa lita 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko, basi gawanya: mtungi wa lita 600 unaisha kwa dakika 40. Je, dakika 40 zinatosha kutoka mahali watakapopiga mbizi hadi Hospitali ya Maweni, kwa boti na gari? Kama hazitoshi, anahitaji mtungi wa pili. Ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni mwilini unatibiwa kwenye chumba cha shinikizo, na mgonjwa wa Kigoma atasafirishwa mbali sana kukifikia. Hiyo peke yake ni sababu ya kutokwenda kina kirefu.

Muulize pia mkanda wa uzito, wenye vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mpiga mbizi kuzama, ameupangaje. Maji baridi yanabeba kidogo kuliko ya chumvi. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 80 anahitaji takriban kilo 2 pungufu za risasi kuliko angezihitaji Zanzibar. Mkufunzi aliyezoea bahari akija na vipimo vya huko, mtoto anazama kama gunia, anatimua tope, na anaogopa. Halafu siku yenyewe, binti akiamka na mafua, abaki nyumbani. Masikio yaliyoziba hayasawazishwi kwa nguvu.

SWALI: Mimi ni fundi. Tuna kompresa ya matairi inayofanya kazi vizuri na kuna mitungi chakavu ya oksijeni iliyotoka hospitali. Nikiunganisha mpira mrefu, vijana si wanaweza kushuka mita tano bila gharama ya kukodi vifaa? – Kibirizi

JIBU: Hapana, fundi. Tunakuandikia kwa urefu kwa sababu umeuliza kwa nia njema, na kwa sababu kwa utundu wako ungeweza kuifanya ikawaka kweli.

Kompresa ya matairi inalainishwa kwa oili, na mvuke wa oili unakwenda moja kwa moja kwenye pafu. Injini yake ya petroli inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Upepo ukigeuka, inaingia kwenye mlango wa kuvutia hewa. Gesi hiyo inashika damu kuliko oksijeni inavyoshika, na kijana anazimia akiwa chini bila dalili zaidi ya kichwa kuuma. Kompresa ya wapiga mbizi inasukuma hadi bar 200 na zaidi (bar ni kipimo cha presha), wakati ya matairi inaishia bar 8 au 10. Ina vichujio vya kukausha maji, vya mkaa wa kuondoa harufu na oili, na kwenye mashine za injini kinaongezwa kichujio cha kugeuza kaboni monoksaidi. Vichujio hivyo vina saa zake za kazi na vinabadilishwa vikifikia. Mlango wa hewa unainuliwa juu na kuelekezwa upepo unakotoka. Kunusa peke yake hakutoshi, hewa inapimwa kwa kifaa.

Na mpira? Injini ikizima, au mtumbwi ukikanyaga mpira, kijana hana pumzi hata moja ya akiba. Ataruka juu ameshika hewa kifuani. Kushika hewa na kupanda hata mita moja na nusu kunaweza kuchana pafu. Ndiyo maana somo la kwanza la mtungi, kabla ya lolote, ni kutoacha kupumua.

Oksijeni ya hospitali ni hatari ya namna nyingine. Oksijeni tupu kuanzia mita 6 inaweza kuleta degedege la ghafla, na mtu mwenye degedege chini ya maji anazama. Kama mtungi umewahi kuguswa na oili, unaweza kulipuka wakati wa kujaza. Mtungi wa kupigia mbizi una mihuri shingoni: presha yake, mwaka ulipotengenezwa, na tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa maji, ambayo kwa kawaida ni kila miaka mitano, pamoja na ukaguzi wa ndani kila mwaka.

Utundu wako una kazi, fundi. Wakufunzi wengi wanashindwa kupata mtu wa kutengeneza fremu za bomba, boya lenye bendera, ngazi ya boti, au kishikio cha mitungi ili isibingirike. Ukitaka kufanya hesabu ya hewa pamoja na vijana, nayo ni hii: mtungi wa lita 12 ukijazwa bar 200 una lita 2,400. Bakiza bar 50, yaani lita 600. Zinabaki 1,800. Mwanafunzi anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia karibu 40 akiwa mita 10. Ana dakika 45, na akiogopa hana hata 25.

SWALI: Nina vijana wa skauti. Tukishuka ziwani asubuhi wakapiga mbizi, tunaweza kurudi Kasulu kwa basi la jioni? – Kiongozi wa vijana, Kasulu

JIBU: Kwa miwani na mrija tu, ndiyo, rudini. Kwa mitungi, laleni Kigoma.

Mapovu ya naitrojeni, yanayotokea mwilini presha ikipungua baada ya mbizi, hayaangalii kama umepanda ndege au basi, yanaangalia presha ya hewa. Ziwa lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, ambako presha ni takriban asilimia 92 ya ile ya pwani, na barabara ya Kasulu inapanda tena mita mia kadhaa. Kwa ndege ushauri unaokubalika ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 kama umepiga mbizi zaidi ya moja au siku mfululizo. Tunawashauri mfuate saa hizo hizo kwa safari ya mlimani. Vivyo hivyo kwa wanaorudi Tabora kwa treni, maana Tabora iko takriban mita 1,200.

Jambo la pili ni majedwali ya mbizi, yanayoonyesha muda wa kukaa kwenye kila kina. Yale ya kawaida yametengenezwa kwa usawa wa bahari, na ukipita mita 300 juu yake lazima yarekebishwe. Mita 10 za hapa zihesabiwe kama 11, na 18 zihesabiwe kama 20. Saa ya mkononi ya mpiga mbizi, inayosoma kina na muda, ipangwe kwa maji yasiyo na chumvi na iwashwe ukiwa ufukweni ili isome hewa ya mahali hapo. Anayekuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam asubiri saa 6 kabla ya kushuka, kwa kuwa mwili wake bado una naitrojeni ya pwani.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Tabora. Hatuna ziwa. Tunaweza kujifunza kupiga mbizi Bwawa la Igombe? – Tabora

JIBU: Marahaba. Kupiga mbizi bwawani, hapana: maji hayaangaviki, mwenzako akiwa umbali wa mkono humuoni, na bwawa limechimbwa ili watu wapate maji. Lakini usiseme hamna ziwa. Maji ya Igombe yako kwenye bonde la Malagarasi, na Malagarasi inamwagika Ziwa Tanganyika. Mto Ugalla nao unaishia humo. Katikati kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, na mojawapo ya kazi zake ni kupunguza mwendo wa maji ili tope litue kabla ya kufika ziwani. Ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yanakaa humo kwa wastani wa karne nne na zaidi. Kinachoingia kinakaa.

Kwa hiyo kazi yenu Tabora ni ya juu ya mto. Tengenezeni kisahani cha kupimia uangavu: duara la bati la sentimita 20, robo mbili nyeusi na mbili nyeupe zikipishana, uzito chini, kamba yenye alama kila sentimita 10. Kishusheni kwa mtumbwi upande wenye kivuli, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Andikeni kina kinapopotea na kina kinapoonekana tena mkikivuta, mpate wastani. Mkishirikiana na shule ya Kigoma, wao wapime ziwani juma lile lile. Mtakapoona namba zenu za sentimita karibu na zao za mita, mtakuwa na swali zuri la kuwauliza wazee wanaokata kuni za kukaushia tumbaku: miti inarudishwa kwa kasi gani?

Mbizi yenyewe ianzie kwenye bwawa la kuogelea lenye maji safi, halafu mje Kigoma kwa treni.

SWALI: Hawa vijana wenu wanakuja mwaloni, wanazama, wanashtua samaki, kisha wanasema wavuvi ndio tunaomaliza ziwa. Wanajua nini kuhusu uvuvi? – Mvuvi wa dagaa, Kigoma

JIBU: Mzee wetu, malalamiko yako ni ya haki, na walimu wanaotusoma wayachukue kwa uzito. Anayeogelea kwenye mawe haoni hata robo ya ziwa. Dagaa na migebuka wanaishi maji ya wazi, na chini ya takriban mita 100 upande wetu wa kaskazini oksijeni inakwisha, ingawa kina kinafika mita 1,470. Kijana aliyehesabu samaki wa mawe hana haki ya kusema lolote kuhusu dagaa kwa hesabu hiyo.

Tena si wavuvi peke yao. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake kuhusu ziwa hili. Maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua, hivyo maji ya chini yenye rutuba hayachanganyiki na ya juu kama zamani, na mwani unaolisha ziwa zima unapungua. Walikadiria uzalishaji huo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Kijana anayefundishwa uhifadhi bila kuambiwa hili amefundishwa kulaumu jirani.

Tunachopendekeza ni somo la mwaloni kabla ya somo la majini. Mwalimu apitie kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na kwa afisa uvuvi. Siku za mbalamwezi, taa zikiwa zimepumzika, wavuvi wana nafasi ya kueleza nyavu na misimu. Siku za kazi wanafunzi wapime urefu wa dagaa 100 waliochotwa bila kuchagua, kwa rula, wachore grafu, na warudie kila mwezi. Kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, kipo Kigoma, na wataalamu wake wanaweza kuwaeleza ni urefu gani dagaa anaanza kutaga. Grafu hiyo ndiyo itakayowaonyesha kwa nini kokoro, wavu wa kuburuta, limepigwa marufuku, na itawapa la kujadili kuhusu kufungwa kwa uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, jambo lililoziuma familia nyingi za mialoni na ambalo matokeo yake yanastahili kupimwa, si kubishaniwa tu.

Wavu uliokwama kwenye mawe usiguswe na mwanafunzi. Timba, wavu wa nyuzi za plastiki, haionekani majini na inashika vali ya mtungi, mapezi, hata kidole. Kwanza BMU ithibitishe kwamba hauna mwenyewe, kisha wazamiaji wazima wenye mafunzo, kila mmoja na visu viwili, waukate vipande vipande. Wanafunzi waupokee ufukweni, wapime uzito na ukubwa wa matundu, na waandike nini kilikuwa kimenasa.

SWALI: Kichocho, nyoka na mamba je? – Matroni wa bweni, Kigoma

JIBU: Kichocho ndicho kitakachowapata wengi, ndicho cha kupangia. Minyoo yake inatoka kwenye konokono wa maji tulivu yenye majani, na inatoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Chagueni ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi, mbali na watu wanapooga na kufua, mwingie mapema, mjifute kwa taulo mara mkitoka. Kujifuta kunapunguza hatari, hakuiondoi. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa maelekezo ya kituo cha afya. Wengi wanakosea wakati: dawa hiyo haiui minyoo michanga, basi imezwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini. Kwa kundi linaloingia kila mwezi, panga na mganga ratiba ya shule nzima.

Swila wa majini yupo kwenye mawe, anakula samaki na kwa kawaida anajiondokea. Sumu yake ni kali, kwa hiyo hakuna kuingiza mkono kwenye ufa usiouona ndani. Kuhusu mamba na viboko neno la wenyeji ndilo sheria, na akionekana hata mmoja asubuhi hiyo, somo linafanyika darasani.

SWALI: Tunashindana kushika pumzi chini. Mmoja wetu anavuta hewa haraka haraka mara ishirini kabla ya kuzama na anakaa kuliko wote. Ni mbinu nzuri? Na mrija wetu tumeutengeneza kwa mpira wa mita moja. – Kijana, Ujiji

JIBU: Acheni leo. Kinachokulazimisha kupumua ni kaboni dayoksaidi kuzidi, si oksijeni kupungua. Rafiki yenu akihema haraka haraka anaifukuza kaboni dayoksaidi, basi kengele ya mwili hailii, huku oksijeni inaisha kimyakimya. Anapopanda presha inashuka na anazimia mita moja au mbili kabla ya kufika juu, mara nyingi bila kupiga kelele wala kutapatapa. Waogeleaji wazuri ndio wanaokufa hivyo, kwa sababu wao ndio wanaoweza kukaa.

Sheria ya jozi ni mmoja chini, mmoja juu akimtazama, hakuna kutazama pengine. Pumzi mbili za kawaida, unazama, unatoka, unapumzika juu mara mbili ya muda uliokaa chini. Mita 5 zinatosha kwa kuhesabu samaki. Sawazisha masikio kila nusu mita kwa kubana pua na kupuliza taratibu, na yakiuma panda. Mwenzako akizimia, mlete juu, uso utoke majini, vua miwani, piga kelele za msaada. Asipopumua, mpe pumzi tano za mdomo mara moja, kisha ukifika nchi kavu endelea na kubonyeza kifua mara 30 na pumzi 2.

Mpira wa mita moja utupeni. Hewa unayotoa inabaki ndani yake na unaivuta tena ile ile, na ukiuzamisha zaidi kifua hakiwezi kusukuma maji yaliyo juu yake. Mrija wa kupumulia usizidi sentimita 40.